Mita 60 za nani? Kisa cha kurejesha ukingo wa mto katika kijiji kimoja mkoani Kigoma

Kisa hiki kimetokea katika kijiji kimoja mkoani Kigoma, kando ya mto mdogo unaomwaga maji yake Malagarasi. Majina ya kijiji, ya mto na ya wahusika nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nilikuwa mwezeshaji wa kazi hiyo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo sehemu ya makosa nitakayoyaeleza ni yangu. Nawaandikia maofisa ugani, watendaji wa vijiji na vikundi vya mazingira ambao watapewa kazi kama hii: kuotesha upya ukingo wa mto mahali ambapo watu wanakula kutokana na ukingo huohuo.

## Mto na watu wake

Katika mito yote inayoingia Ziwa Tanganyika, Malagarasi ndio wenye bonde kubwa zaidi. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta zipatazo milioni 3.25, iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ikawa ya kwanza kwa Tanzania. Tope linalofika huko halianzii huko. Linatoka kwenye vijito vya vilimani, kijito kimoja baada ya kingine, na likishafika ziwani hutanda juu ya miamba ya ufukweni ambako samaki wengi wadogo wanajilisha na kuzaliana. Mvuvi wa Ujiji na mkulima wa kilimani wanaunganishwa na tope hilo, ijapokuwa hawajawahi kuonana.

Kijiji chenyewe kimekaa kwenye mteremko. Juu ni muhogo, mahindi na maharage. Michikichi imezunguka nyumba. Chini ni bonde. Mvua huanza mwezi Novemba na kukatika Mei. Baada ya hapo kilima chote hugeuka rangi ya majani makavu, na kijani pekee kinachobaki ni cha bondeni. Huko ndiko ziliko bustani za kiangazi: nyanya, kabichi, mchicha, vitunguu, kuanzia kwenye majani ya mteremko hadi kwenye midomo ya maji. Nyanya za Agosti na Septemba ndizo zinazonunua sare na madaftari ya Januari.

Nataka msomaji aone ngazi. Kila mwenye bustani huchimba ngazi yake kwenye ukingo ili ashuke na ndoo bila kuteleza. Ni vidato vitatu au vinne tu, upana wa mtu mmoja, na kiangazi chote havina madhara. Mvua zikianza, maji yanayotoka bustanini hutafuta njia ya kushukia na kuikuta ile ngazi imekwisha kuchongwa. Mto nao ukijaa hupiga hapohapo, kwa kuwa udongo umelegea na hauna mizizi ya kuushika. Januari ngazi imekuwa mfereji, Aprili imekuwa korongo. Kiangazi kikirudi, mwenye bustani anahamia hatua tano pembeni anachimba nyingine. Nilipotembea ukingo ule kwa mara ya kwanza nilihesabu ngazi 40 na ushei, mpya na zilizobomoka.

Kwenye kivuko kuna mkuyu mkubwa. Mzee mmoja alituambia kwamba utotoni mwake akina mama walianika nguo kati ya mkuyu ule na maji. Tulipofika sisi, nusu ya mizizi ilikuwa inaning'inia juu ya mto.

## Mpango wa kwanza

Sheria ilikuwa upande wetu, au ndivyo tulivyofikiri. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mpango wetu ulikuwa kupima mita hizo, kuweka vigingi, kusimamisha kilimo, kupanda miti, na kuwapa wenye mashamba miche ya michikichi aina ya tenera waipande juu ya vigingi kama mbadala. Tenera huanza kuzaa mwaka wa tatu na hutoa mafuta mengi kuliko dura ya kienyeji iliyozoeleka Kigoma, kwa hiyo ilikuwa zawadi ya maana.

Orodha ya wenye mashamba tulipewa na wenyeviti wa vitongoji. Tuliwaita, tukakaa nao, wakakubali. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha, mihtasari ikaandikwa, saini zikawekwa.

Mabishano yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu mikaratusi: kitalu kilikwisha kuoteshwa kabla hatujafika, na sehemu kubwa ya viriba ilikuwa mikaratusi. Mzee wa mkuyu alisimama akasema mti huo unakunywa kuliko ng'ombe na hautapandwa kwenye mto wake. Alikuwa na haki, tukaihamishia kilimani kwa ajili ya kuni na nguzo. La pili lilikuwa gumu zaidi: baadhi ya wenye mashamba walitaka michikichi ipandwe ndani ya zile mita 60, kwa hoja kwamba nao ni mti. Mizizi yake ni mingi na inashika udongo, hilo ni kweli. Lakini anayelima michikichi hupalilia chini yake hadi udongo uwe mweupe, hupanda maharage katikati, hupita na kurudi kuvuna. Mahali hapo panakuwa shamba, hata pakiwa na kivuli. Tulikataa, na mpaka leo naona tulikataa sawasawa.

Fedha zilichelewa, zikaingia mwishoni mwa Machi. Mtu yeyote wa Kigoma anajua kuwa mche wa msituni unaopandwa Aprili una wiki chache tu za kushika mizizi kabla mvua haijakatika. Tulijua. Tulipanda hata hivyo, kwa sababu taarifa ya robo mwaka ilitaka idadi ya miti.

## Asubuhi ya miche

Wiki mbili baadaye mtendaji alinipigia simu alfajiri. Miche imeng'olewa, zaidi ya 300, usiku mmoja.

Nilipofika bondeni mtendaji alikuwa tayari anazungumzia mgambo, na nakiri kwamba nilimuunga mkono. Nilikuwa na hasira. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyetuomba tushuke kwanza tukaangalie. Tukashuka. Chini ya mkuyu, kivulini, miche ilikuwa imepangwa mafungu mafungu, mizizi imefunikwa tope bichi na kufungwa kwa majani ya mgomba. Hakuna hata mmoja uliovunjwa. Aliyefanya kazi ile alichukua muda wake gizani ili miti isife.

Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi pale na jembe lake, kama anayetusubiri. Tulisalimiana kwa Kiha, mwakeye, kisha akaanza yeye.

"Hatujaua mti hata mmoja, mwanangu. Hesabu."

Nikamuuliza kwa nini hawakusema mkutanoni.

"Mkutanoni mliita wenye mashamba. Mimi nina shamba gani?"

Hapo ndipo tulipoelewa tulichofanya. Wenye mashamba ya bondeni, karibu wote wanaume, hawakuwa wanalima bondeni kiangazi. Walikuwa wanakodisha. Waliokodi walikuwa wanawake 19: wajane, walioachika, na wengine ambao mashamba ya waume zao yako mbali kilimani ambako kiangazi hakuna tone la maji. Walilipa kwa msimu, wengine pesa taslimu, wengine sehemu ya mavuno. Mwenye shamba alipokubali mpango wetu alipoteza kodi ndogo na kupata michikichi bora. Mwanamke aliyekodi alipoteza bustani nzima na hakupata chochote, wala hakuulizwa. Jina lake halikuwamo kwenye karatasi yoyote tuliyoibeba.

## Hesabu ya ndoo

Tuliomba radhi, kisha tukakaa na wale 19 peke yao, bila wenye mashamba na bila mtendaji. Swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga: kwa nini msilime juu ya vigingi, ni mita 60 tu?

Mama yule alinijibu kwa kunipa ndoo.

Bustani yake ilikuwa kama hatua 20 kwa 10. Ili nyanya zisinyauke kiangazi, eneo kama hilo linahitaji lita zipatazo 1,000 kwa siku, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukisogeza bustani mita 60 kutoka majini, kila ndoo imeongezewa mita 120 za kwenda na kurudi. Mara 50 ni kilomita 6 zaidi, kila siku, nusu ya hizo kwa mzigo kichwani na kupanda mlima. Nilibeba ndoo nne nikatua. Katika mipango yote ya kingo za mito niliyowahi kusoma, sijakutana na hesabu hiyo, na sasa naifanya kabla ya kugusa kigingi.

Ndipo tukauliza tulichopaswa kuuliza mwanzo. Nani anatumia kipande gani, mwezi gani, kwa ajili gani? Tulichora bonde ardhini kwa vijiti na majani. Yakajitokeza makundi ambayo hayakuwa kwenye mpango: vijana wanaofyatua matofali Julai hadi Septemba, wafugaji wanaoshusha ng'ombe kwenye kona ya mto, akina mama wanaokata matete ya kuezekea, na mwenye mashine ya kukamulia mawese upande wa juu ambaye maji yake machafu yanaingia mtoni.

## Tuliyoamua mara ya pili, na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulitoka kwa wanawake wenyewe. Michikichi ya tenera hupandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, miche ipatayo 143 kwa hekta. Miaka ya mwanzo ardhi yote iliyo katikati inapata jua. Wakasema: tupeni katikati ya michikichi. Sisi tutalima mboga, palizi yetu ndiyo palizi ya mchikichi, maji yetu ndiyo maji ya mchikichi. Mwenye shamba hatatafuta kibarua, nasi hatutalipa kodi.

Wenye mashamba walikubali, si wote siku moja. Makubaliano yaliandikwa kwa miaka minne, yakashuhudiwa na halmashauri ya kijiji, kila mwanamke akabaki na nakala. Nakala ile ina uzito kuliko nilivyodhani. Mmoja wao huiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Kwa ajili ya maji, kikundi kilinunua pampu mbili za kukanyaga na mpira, nusu kwa fedha za mradi na nusu kwa mkopo wa hisa zao wenyewe. Tulikwenda bodi ya maji ya bonde kuulizia kibali kabla ya kuchota kwa pampu, jambo ambalo wenzetu wengi huliruka hadi wanapogombana na walio chini ya mto. Ngazi zote zilizibwa, zikabaki sehemu tatu za kuchotea zilizojengwa kwa mawe. Bustani mpya zililimwa kwa matuta ya kuzama na kufunikwa matandazo, na hapo ukanda wa mto ukaanza kuwa na faida: matandazo yalitoka humo.

Ndani ya mita 60 tulipanda kwa safu. Kwenye ukingo wenyewe matete na mabingobingo. Nyuma yake vigingi vibichi vya mkuyu, ambavyo huchipua bila kitalu, na mizambarau ya porini. Juu kabisa, miti ya asili iliyokuwa imebaki visiki ilipaliliwa na kuachwa ichipue yenyewe. Kifungu cha 57 hakisemi mtu asikanyage. Kukata majani na kuweka mizinga ya nyuki, kwa utaratibu, havikuonekana kuleta madhara ambayo sheria inayazuia, na ofisi ya mazingira ya wilaya ilituunga mkono baada ya kuja kuona. Utaratibu wenyewe ni huu: safu ya kwanza kutoka majini haikatwi kuanzia Oktoba hadi mvua ziishe, ili mafuriko yakute majani yamesimama. Safu za nyuma hukatwa kwa zamu, kwa mbuzi, kwa ng'ombe wa ndani na kwa matandazo.

Haya ndiyo yaliyoandikwa kwenye sheria ndogo. Ilipitia mkutano mkuu na halmashauri ya kijiji, ikaenda wilayani kupitishwa. Ilichukua karibu mwaka. Katika mwaka huo kilichoshika mambo ni makubaliano ya watu tu.

Vijana tuliwapa mizinga ya kibiashara tukaitundika kwenye miti mikubwa iliyobaki. Karibu nusu haikuingia nyuki mwaka wa kwanza, na mmoja tuliuweka karibu mno na sehemu ya kuchotea, mtoto akaumwa. Tuliuhamisha. Asali si tegemeo hapo, ni nyongeza.

## Misimu mitatu baadaye

Tulifunga kamba yenye mafundo kwenye mkuyu wa kivuko na kupima umbali hadi ukingoni kila baada ya masika. Masika ya kwanza, baada ya ile miche ya Aprili, mto ulikula zaidi ya hatua moja. Ya pili ulikula kidogo. Ya tatu kamba haikupungua hata fundo, na nyuma ya mabingobingo kulikuwa na tope jipya lililotulia, laini, limeota magugu. Mzee alilikanyaga kwa mguu mtupu, akasimama pale muda mrefu bila kusema kitu.

Miche ya Aprili iliyosalia ilikufa karibu yote kiangazi. Ile iliyong'olewa, akina mama waliirudisha wenyewe kitaluni, ikapandwa upya Desemba, na mingi iko hai. Kwa maneno mengine, wanaotuhumiwa kuharibu miti ndio waliookoa sehemu kubwa ya iliyobaki.

Wanawake 15 kati ya 19 bado wanalima. Daftari la kikundi linaonyesha kuwa mauzo ya nyanya hayakuzidi yale ya zamani mwaka wa kwanza, yalizidi wa pili. Wanne walitoka. Mmoja ni bibi wa zaidi ya miaka 70 ambaye miguu yake haiwezi kukanyaga pampu, na hatukuwa na jibu kwa ajili yake. Anasaidiwa mboga na wenzake, lakini kusaidiwa si kuwa na bustani yako.

Kona ya mto wanakoshushwa ng'ombe bado inabomoka. Birika la kunyweshea nje ya ukanda lilikuwa kwenye bajeti likakatwa ili kununua vigingi vya saruji. Kwa thamani ya vigingi vile lingejengwa, na sidhani kigingi hata kimoja kimezuia udongo.

## Nionavyo

Kilichofaulu zaidi ni kubadilisha swali. Mara ya kwanza tuliuliza ardhi ni ya nani, ya pili tukauliza nani anaitumia na mwezi gani. Orodha ya wamiliki ni rahisi kupatikana, ina majina na saini, na inapendeza kwenye taarifa. Kwenye ardhi ya bondeni Kigoma, na nimeona vivyo hivyo Tabora kwenye mbuga za mpunga, orodha hiyo humficha anayekodi, na anayekodi mara nyingi ni mwanamke.

Jambo la pili ni pengo la muda. Mchikichi unataka miaka mitatu, mkuyu zaidi, mtoto anataka daftari Januari hii. Mpango wowote unaomwambia mkulima asubiri matunda ya mti bila kumwonyesha atakula nini kesho, unamwomba agharimie mto peke yake kwa niaba yetu sote, pamoja na mvuvi wa Ujiji. Kigoma haikupaswa kujifunza hili upya. TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall, ilipoanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyozunguka Gombe, ilianza na vitalu vya miti, kisha ikapanuka kuelekea afya, maji na elimu kwa sababu ndivyo wanakijiji walivyosema wanavihitaji. Tulikuwa na mfano huo mlangoni na bado tukaanza na vigingi.

Kushindwa kwetu kubaya zaidi ni mashine ya mawese. Maji ya kukamulia yana mafuta na mabaki yanayooza, yakiingia mtoni hula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Mashimo mawili ya kutuamishia yangetosha kwa kuanzia. Hatukuligusa kwa nguvu kwa sababu mwenye mashine ana watu kwenye kila kikao. Wanawake waliotozwa nidhamu ya mita 60 wanaiona mifereji yake kila siku wanapochota maji, na wananiuliza. Sina jibu la kuwaambia zaidi ya kwamba tuliogopa.

Na kuna jambo linalokaribia sasa. Makubaliano ni ya miaka minne. Matawi ya tenera yanaanza kukutana, kivuli kinatanda juu ya matuta, na nyanya hazipendi kivuli. Wanawake wameomba kipande cha ardhi ya kijiji kilicho kando ya korongo la zamani, umbali ambao mpira wa pampu unafika, na wanataka hakimiliki ya kimila iandikwe kwa jina la kikundi, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaliruhusu. Ombi lilisomwa kwenye halmashauri ya kijiji mara mbili na kuahirishwa mara mbili. Kikao kijacho ni kabla ya mvua, na wamesema watakwenda wote 19, pamoja na bibi.